Mama Hamira Anaitaka Meza Yake

Kila siku ya kazi, Mama Hamira alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Alikuwa mkandaji katika kiwanda cha mikate. Jina lake halisi lilikuwa jingine, ila hata meneja alikuwa amelisahau. Waliompa jina hilo ni wenzake, kwa sababu unga ukipita mikononi mwake ni lazima uumuke. Walimtania kwamba hata akikanda saruji itaumuka.

Mashine kubwa ilichanganya unga, maji, chumvi na hamira. Kisha donge lilimwagwa juu ya meza ndefu ya bati, na hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Alilikunja, akalisukuma kwa viganja, akaligeuza, akalikunja tena. Alijua kwa kugusa tu kama limekosa maji au limezidi joto. Mwanamke mwenzake, aliyeitwa Dada Mizani, alikata vipande na kuvipima. Walikuwa wamesimama pamoja kwenye meza hiyo kwa miaka tisa. Walijuana mpaka kikohozi.

Mbele ya meza palikuwa na dirisha la kioo, na ng'ambo ya kioo lilikuwa duka la kiwanda. Wateja waliopanga foleni walipenda kutazama mikate ikikandwa. Wengine walimpungia mkono. Yeye aliinua kiganja chenye unga, akaendelea na kazi.

Mchana alirudi nyumbani kwa mumewe, fundi wa kushona makochi, na binti yao aliyekuwa bado shuleni. Hawakuwa na makubwa, lakini hawakuwa na deni la moyo. Maisha yalikwenda.

Mwaka huo doa dogo jeupe lilitokea kwenye kidole chake cha shahada. Alidhani ni unga. Akanawa. Akanawa tena kwa sabuni. Halikutoka. Baada ya miezi michache mabaka meupe yalikuwa yameenea kwenye mikono yote miwili na pembeni mwa mdomo. Hayakuwasha wala kuuma, na kwa hiyo hakwenda hospitali. Aliendelea kukanda.

Siku moja meneja alimwita ofisini. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliongea huku akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Alisema mteja mmoja ameuliza dukani kama ni salama kula mkate uliokandwa na mikono ile. Wengine nao wameanza kunong'ona. Kuanzia kesho Mama Hamira atafanya kazi ghalani, kwa muda tu.

"Nimekosea nini kazini?" Mama Hamira aliuliza.

"Hujakosea kitu. Ni wateja. Wewe mwenyewe unaelewa."

Hakuelewa, lakini alisema ndiyo, akashukuru, akatoka. Baadaye alijiuliza mara nyingi alikuwa akishukuru nini.

Ghala lilikuwa nyuma ya kiwanda. Halikuwa na dirisha. Kazi yake mpya ilikuwa kupanga magunia ya unga na kusugua trei. Hakuna aliyemtukana. Ila asubuhi moja, wakati wa chai, alikuta kikombe kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake, kimetengwa pembeni. Hakuna aliyesema ni cha nani. Hakukuwa na haja. Dada Mizani alipita akiangalia sakafu. Jambo hilo lilimuumiza Mama Hamira kuliko uzito wa magunia.

Ukuta kati ya ghala na chumba cha kukandia ulikuwa mwembamba. Aliisikia mashine. Sauti yake ilipokuwa nzito, alijua donge limekauka, na midomo yake ilisema yenyewe, "Maji, ongezeni maji." Hakuna aliyemsikia. Harufu ya mikate ya kwanza ilipopenya, aliweka chini trei na kusimama tu. Alitamani kuingia, hata kwa dakika moja, auguse unga ule uliokuwa laini na vuguvugu kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini.

Wiki zikawa miezi. Nyumbani, mumewe aliona vidole vyake vikibonyezabonyeza magoti wakati wakisikiliza redio. Kisha Mama Hamira akaanza kuoka mikate mwenyewe, kwenye sufuria, juu ya jiko la mkaa. Mwanzoni ilikuwa siku za mapumziko, baadaye kila jioni. Mkate ulikaa mezani, mwingine juu ya kabati, mwingine kitandani kwa binti ukiwa umefunikwa taulo uumuke.

"Mke wangu," mumewe alimwambia, "tuko watu watatu. Hii ni mikate ya kambi."

Alicheka, naye Mama Hamira akacheka kidogo. Binti akatumwa kuigawa kwa majirani. Kesho yake mama akaoka tena.

Kisha zamu zake zilipunguzwa, kutoka siku sita kwa wiki hadi tatu. Hakuelezwa sababu. Mwezi wa nne wa kukaa ghalani, meneja alimpa barua na kalamu, akamwambia atie saini ili kila mtu apate amani. Mama Hamira alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Alisoma mistari miwili, akaikunja barua.

"Mimi husoma polepole, bosi," alisema. "Nitakwenda nayo nyumbani."

Meneja alisema ni utaratibu tu, hakuna cha kusoma. Lakini barua ilikuwa tayari imeingia ndani ya mfuko wa aproni.

Jioni waliisoma pamoja na mumewe. Ilisema kwamba yeye, mfanyakazi, anaacha kazi kwa hiari yake. Mumewe aliikunja tena barua. Kisha akasema labda ni heri atie saini apumzike. Yeye mwenyewe amechoka kumwona akitoka nyumbani kama mtu anayekwenda kwenye msiba kila siku. Alisema hivyo kwa mapenzi, na Mama Hamira alijua.

"Kupumzika sikutaki," alimjibu. "Naitaka meza yangu."

Asubuhi iliyofuata jirani yao alibisha hodi, mkononi ana sahani tupu. Alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mawakili, akipiga chapa. Alipostaafu alisomea usaidizi wa kisheria. Siku mbili kwa wiki alikaa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria akiwasikiliza watu bila malipo. Mtaani walimwita Bibi Mafaili, kwa sababu hata akienda kununua nyanya alikuwa na faili kwapani.

Mama Hamira alimwamkia. Bibi Mafaili aliitikia, akaweka sahani mezani.

"Huu ulikuwa mkate wa tatu wiki hii," alisema. "Mtamu, sikatai. Lakini hapa hakuna harusi wala matanga. Kuna nini, mwanangu?"

Mama Hamira alitaka kusema hakuna kitu. Badala yake alijikuta akimweleza yote, kuanzia doa la kidoleni hadi barua. Bibi Mafaili alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili.

"Unataka kuacha kazi?" aliuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi barua hii inasema uongo. Na wanataka uongo huo utiwe saini na wewe. Usitie. Ukishatia saini kwamba umeondoka kwa hiari, itakuwa vigumu sana kueleza kwamba ulisukumwa."

Kisha alimuuliza maswali. Mabaka yanamzuia kukanda? Hapana. Amewahi kuharibu mikate? Hapana. Aliitwa kuonywa juu ya kazi yake? Hapana.

"Wangekuondoa mezani kwa kuharibu mikate, hilo lingekuwa jambo la kazi," Bibi Mafaili alisema. "Wamekuondoa kwa sababu ya ngozi yako. Huo ni ubaguzi kazini, na sheria ya kazi inaukataza."

Alimweleza kwamba ni vilevile kwa mwanamke anayepunguziwa kazi kwa sababu ni mjamzito. Ni vilevile kwa anayenyimwa cheo kwa ajili ya dini yake au kabila lake. Mwenye ulemavu au ugonjwa usiomzuia kufanya kazi naye analindwa. Mama Hamira aliuliza kuhusu wateja. Je, si wao wanaoleta riziki kiwandani?

"Mteja ana haki ya kupata mkate safi," Bibi Mafaili alijibu. "Hana haki ya kuchagua ngozi ya aliyeukanda."

Mama Hamira aliangalia mikono yake. Kisha, kwa sauti ya chini, alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe. Nyumbani pia ameanza kujitengea kikombe. Anaogopa kumwambukiza binti yake.

Bibi Mafaili alivua miwani. Akasema hapo ndipo watakapoanzia, kwa daktari.

Daktari wa zahanati aliishika mikono ile bila glavu, akaigeuza kwenye mwanga. Alisema hiyo ni mbalanga. Ngozi imepoteza rangi yake, basi. Haiambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kikombe, wala kwa chakula. Aliandika hayo kwenye barua, akagonga mhuri. Mama Hamira alipotoka, alisimama ukumbini ameegemea ukuta mpaka machozi yalipokauka. Siku hiyo alikunywa chai kikombe kimoja na binti yake, huyu funda, yule funda, na binti hakujua kwa nini mama anamtazama vile.

Jambo la pili lilikuwa daftari. Bibi Mafaili alimtaka aandike kila kilichotokea, siku gani, nani alisema nini, na nani alikuwepo. Mama Hamira aliona haya kwa mwandiko wake.

"Herufi zikipinda si neno," Bibi Mafaili alimwambia. "Tarehe ndiyo isipinde."

Aliandika kwa siku nne. Tarehe aliyoisahau aliitafuta kwenye ratiba za zamu, ambazo kwa bahati alikuwa amezihifadhi. Halafu wakaandika malalamiko kwa meneja, ukurasa mmoja na nusu, kwa lugha ya adabu. Yalisema ameondolewa mezani kwa sababu ya ngozi, kwamba hataki kuacha kazi, na kwamba anaomba arudishwe. Barua ya daktari iliambatishwa. Bibi Mafaili alimwagiza apeleke nakala mbili, moja ibaki kiwandani, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa irudi naye. Pia alimwonya asiache kwenda kazini kwa hasira, na asimtukane mtu. Anayetoroka kazini humpa mwajiri sababu asiyokuwa nayo.

Karani wa kiwanda alisita, akaangalia mlango wa meneja, kisha akagonga mhuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, tena kwa mdomo. Mama Hamira aliambiwa asikanyage kiwandani mpaka atakapoitwa.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Aliamka saa ileile ya zamani, akavaa, akakumbuka, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuoka tena. Sasa hata ghala alilitamani, kwa sababu huko angalau alisikia mashine. Alimwambia Bibi Mafaili kwamba kama angejua, angenyamaza tu.

"Kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amelalamika ni kosa la pili," Bibi Mafaili alisema. "Liandike nalo. Halafu twende ofisini kwetu. Malalamiko ya kazi yana muda wake wa mwisho. Tukikaa kuhuzunika, muda hautusubiri."

Katika ofisi ya msaada wa kisheria walimkuta wakili, mwanamke kijana mwenye kikohozi na subira. Alisoma daftari lote. Alisema huduma yake ni bure kwa wasio na uwezo. Kesi haitaanzia mahakamani. Watapeleka malalamiko ofisi ya kazi, na huko pande zote mbili zitaketi na msuluhishi. Wakikubaliana, makubaliano yataandikwa. Wasipokubaliana, ndipo shauri litakwenda mbele likaamuliwe. Akauliza kama kuna mtu wa kiwandani anayeweza kusema alichokiona.

Alikuwepo mmoja tu. Mama Hamira alikwenda nyumbani kwa Dada Mizani Jumapili mchana. Dada Mizani alimkaribisha ndani, lakini hakuketi. Kabla hajaulizwa chochote, alisema ule uzi mwekundu aliufunga yeye. Aliogopa. Ana watoto wadogo. Tangu siku ile hajawahi kuinywa chai ya kazini ikapita kooni.

Mama Hamira alimpa nakala ya barua ya daktari aisome. Alimweleza alichosema wakili, kwamba shahidi naye halipizwi kisasi, sheria inamlinda. Dada Mizani alisema atafikiri. Hakuahidi. Waliagana mlangoni bila kushikana mikono, na Mama Hamira alitembea njia nzima akiikumbuka miaka yao tisa.

Siku ya usuluhishi ilifika. Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza moja na feni iliyokuwa ikilalamika kuliko walalamikaji. Meneja alikaa upande mmoja. Mama Hamira na wakili walikaa upande wa pili, na Bibi Mafaili nyuma yao. Msuluhishi, mwanamume mwenye sauti ya upole, alimpa kila mmoja nafasi ya kusema.

Meneja alisema Mama Hamira alihamishwa kwa sababu kazi yake ilikuwa imeshuka. Madonge yalikuwa yakiharibika. Mama Hamira aliinuka nusu kitini. Wakili alimgusa mkono, naye akaketi tena.

Mlango uligongwa. Dada Mizani aliingia akiwa bado na unga kwenye nywele.

Msuluhishi alimuuliza alichokuja kusema. Alisema akimtazama msuluhishi, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu mwingine.

"Nimepima madonge ya huyu dada yangu miaka tisa. Hayakuwahi kuharibika. Yanaharibika sasa, hayupo. Aliondolewa siku mbili baada ya mteja kuuliza juu ya mikono yake. Sisi sote tulijua, na mimi nilimtenga kama wengine. Hakuna aliyetuambia kwamba haiambukizi, na hatukuuliza."

Msuluhishi alimgeukia meneja. Alimuuliza kama kiwanda kilitafuta ushauri wa daktari kabla ya kumhamisha. Hapana. Kama kuna onyo lolote la maandishi juu ya kazi yake. Hakuna. Kisha akauliza swali moja zaidi, taratibu.

"Isingekuwa ngozi yake, leo angekuwa wapi?"

Meneja aliangalia karatasi zake. Safari hii hakuzipanga.

"Mezani," alisema.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa marefu lakini hayakuwa magumu. Walikubaliana kwamba Mama Hamira atarudi kwenye kazi yake ileile na siku zake zote sita, na atalipwa zamu alizonyimwa. Barua ya kuacha kazi itafutwa. Yeye na Dada Mizani hawataadhibiwa kwa walichosema. Muuguzi ataalikwa kuwaelimisha wafanyakazi, na kiwanda kitaweka utaratibu wa maandishi wa kupokea malalamiko ya ubaguzi.

Makubaliano yalipochapwa, meneja alitia saini mara moja. Mama Hamira aliyavuta karibu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma. Alisoma neno kwa neno. Feni ilizunguka. Meneja alitazama saa, wakili akakohoa, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika mwisho aliuliza neno moja maana yake, akaelezwa. Ndipo alipotia saini.

Nje ya jengo Dada Mizani alikuwa amesimama kwenye ngazi. Mama Hamira alimwendea. Hawakusema mengi. Yako mambo ambayo hakuna ofisi inayoweza kuyaandika kwenye makubaliano, na kusameheana ni mojawapo. Mama Hamira alimwambia ukweli, kwamba bado ana kidonda moyoni, na kwamba ameshukuru alivyokuja. Dada Mizani akasema atangoja.

Jumatatu Mama Hamira aliingia chumba cha kukandia. Muuguzi alikuwa amekwisha kuzungumza na wafanyakazi wiki iliyotangulia, lakini baadhi yao walimwamkia kwa haya, na mmoja alirudi nyuma hatua moja kabla hajajikumbuka. Miezi mingi haifutiki kwa mhuri. Hata hivyo mashine iliwashwa. Donge likamwagwa mezani, kubwa, limetulia. Aliweka viganja juu yake na hakukanda kwanza. Aliliacha tu limjibu joto lake.

"Limekosa maji," alisema.

Mtu akakimbia kuleta maji.

Alikanda mpaka mabega yakawaka moto. Mikono ilikuwa imesahau uzito ule. Mchana alitembea kwenda nyumbani polepole, miguu imevimba, unga kwenye kope. Mumewe alikuwa barazani akishona kochi. Aliacha sindano katikati ya kitambaa, akamuuliza siku imekwendaje.

Mama Hamira alijitupa juu ya kochi lile ambalo halijakamilika, akanyoosha miguu.

"Nimechoka," alisema.

Tangu waoane, mumewe hakuwahi kulisikia neno hilo likisemwa kwa furaha namna ile.